Hoja mbili zilizopishana njiani

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni Mtanzania, nasoma mwaka wa kwanza chuoni huku Minnesota. Kwenye somo la uandishi tuliambiwa tuchague maandishi mawili ya ushawishi kuhusu wapenzi wa jinsia moja kutumikia jeshi la Marekani, tuyalinganishe, tuseme lipi lina nguvu zaidi na kwa nini. Nilichagua barua ya Jenerali Colin Powell ya 1992 na makala ya Seneta Barry Goldwater ya 1993, nikasema Goldwater ameshinda. Kazi imerudi na alama C, na pembeni mwalimu kaandika: "Umenieleza unampenda nani, hujanieleza hoja ipi inasimama." Nimeruhusiwa kuandika upya. Shida yangu ni mbili. Sijui kulinganisha bila kuegemea. Halafu nilipita JKT kabla ya kuja huku, nimelala hangani, na kusema kweli hoja ya faragha inanigusa kuliko ninavyothubutu kuandika. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Nimeisoma kazi uliyoniambatishia, kurasa zote nne, na nikiri kwamba hata mimi ningekupa C. Kumchagua Goldwater si kosa. Kilichokuponza ni sentensi moja ya ukurasa wa pili: "Goldwater anamaliza ubishi kwa mstari mmoja." Ubishi haukuisha. Uliendelea miaka 17 baada ya makala yake, ukaja kugeuzwa mwelekeo na hoja nyingine kabisa, isiyo ya Goldwater wala ya Powell. Nitaifikia.

Tuanze na huo mstari uliokukosha. Goldwater aliandika katika Washington Post, Juni 1993, kwamba ili upigane na kuifia nchi yako huhitaji kuwa straight, unachohitaji ni kupiga risasi straight. Neno la Kiingereza nimeliacha kusudi. Linabeba maana mbili kwa mpigo: mtu asiyevutiwa na jinsia yake, na risasi inayokwenda pale ilipolengwa. Sasa chukua kalamu ulitafsiri. Utapata kitu kama "si lazima uwe unapenda jinsia nyingine, yatosha uwe na shabaha." Mzaha umekufa papo hapo. Kilichobaki ni dai la kawaida: askari apimwe kwa kazi yake. Ni dai zuri, mimi nalikubali, lakini sasa limevuliwa nguo za sherehe na tunaweza kuliuliza swali: linamjibu nani?

Powell halimjibu. Soma barua yake tena. Mbunge Patricia Schroeder wa Colorado alikuwa amemwandikia akimwambia kwamba sababu zinazotolewa kuwazuia watu hawa ni zilezile zilizowahi kutolewa kuwatenga Wamarekani weusi jeshini. Powell, aliyekuwa Mwenyekiti wa Wakuu wa Majeshi, na mweusi wa kwanza kukalia kiti hicho, akamjibu tarehe 8 Mei 1992. Alimwambia hahitaji kukumbushwa historia ya watu weusi katika kuilinda nchi yao. Akasema rangi ya ngozi haihusiani na mwenendo wa mtu, ilhali mwelekeo wa kimapenzi pengine ndiyo sifa ya mwenendo yenye kina kuliko zote. Kulinganisha viwili hivyo, kwa maoni yake, ni hoja ya mkato isiyo halali. Wasiwasi wake ulikuwa juu ya kikosi kizima: utulivu, nidhamu, watu kuishi pamoja. Shabaha ya askari mmoja mmoja haikuwa swali lake.

Kwa hiyo Goldwater anasema "wanaweza kazi," na Powell anasema "kikosi kitavurugika." Ni kama daladala mbili, moja ya Mbagala na nyingine ya Tegeta. Zimepishana, madereva wamepungiana mkono, halafu wewe umeandika kwamba moja imeishinda nyingine mbio.

Makala ya Goldwater ina vitu vizito kuliko ule mstari, nawe umeviruka. Anasema wapenzi wa jinsia moja wametumikia majeshi tangu enzi za Julius Caesar, maana yake swali la "tuwaruhusu au tusiwaruhusu" halipo, wamo tayari. Anasema pia kwamba imani yake ya kihafidhina inaitaka serikali isiingie katika maisha ya faragha ya watu. Hapo ndipo penye nguvu yake halisi. Huyu ni mtu aliyegombea urais mwaka 1964 kama mhafidhina wa wahafidhina, na meja jenerali wa akiba wa Jeshi la Anga. Msomaji wa mrengo wake hawezi kumtupa kapuni kwa kusema "hawa ndio wale waliberali." Lakini angalia tofauti: umaarufu wa msemaji unakufanya usikilize, haukuthibitishii kwamba asemalo ni kweli. Kazi yako imevichanganya hivyo viwili, na ndicho mwalimu wako alichokuwa anakilalamikia.

Kama unataka kumlinganisha Powell na mtu, mlinganishe na Schroeder. Wale wawili walikutana kweli. Na hapo pana jambo tamu ambalo nadhani litakupandisha daraja.

Powell anajibu kana kwamba Schroeder amesema rangi na mapenzi ni kitu kimoja. Hakusema hivyo. Alichofananisha ni umbo la hoja: "Tusiwaingize hawa kwa sababu wale waliomo hawatawakubali." Hoja hiyo haitegemei chochote kuhusu anayekataliwa, inategemea hisia za anayekataa. Mwaka 1942 Bodi Kuu ya Jeshi la Majini la Marekani iliuliza ni weupe wangapi ambao kwa hiari yao wangependa jirani zao pa kulala, mezani na kwenye mzinga wawe watu wa rangi nyingine. Kulala, kula, mzinga. Ukiifunika tarehe utadhani ni ushahidi wa 1993 mbele ya Seneti. Truman alipotoa amri yake tarehe 26 Julai 1948 ya kuondoa ubaguzi wa rangi jeshini, hakungoja wapiganaji weupe waulizwe na wakubali kwanza.

Je, Schroeder ameshinda basi? Pole pole. Powell anaweza kurudi na kusema: sawa, umbo ni lile, lakini safari hii hisia za anayekataa zina msingi, kwa sababu suala la kuvua nguo mbele ya mtu anayeweza kukutamani halikuwepo kwenye rangi. Hilo ni jibu la haki. Lakini akishalitoa, amehama kutoka hoja ya mshikamano wa kikosi kwenda hoja ya faragha, na hizo ni hoja mbili zenye ushahidi tofauti. Powell mwenyewe, Februari 2010, alitoa taarifa kwamba mitazamo na hali vimebadilika na akaunga mkono sheria ibadilishwe. Hilo usilitumie kama ushindi. Mtu kubadili msimamo hakufanyi hoja yake ya zamani kuwa mbovu siku alipoitoa.

Tuitenge kwanza hoja ya mshikamano, maana ndiyo iliyoandikwa kwenye sheria yenyewe. Clinton aliahidi katika kampeni kuondoa marufuku, akakwama bungeni, na Novemba 1993 akatia saini sheria iliyokuja kujulikana kama "Usiulize, Usiseme." Jeshi lisikuulize, nawe usiseme. Ukisema, unaachishwa. Sheria ilitamka kwamba kuwepo kwa watu wenye mwelekeo huo kungehatarisha ari, nidhamu na mshikamano wa kikosi kwa kiwango kisichovumilika.

Huu ni utabiri, na utabiri una heshima yake: unaweza kupimwa. Hoja ya "ni haki" au "ni dhambi" huwezi kuipeleka maabara, lakini "kikosi kitavurugika" unaweza kwenda kukitazama kikosi. Mwaka huohuo 1993 Waziri wa Ulinzi Les Aspin aliiagiza taasisi ya utafiti ya RAND ilichunguze jambo hili. Watafiti wakaleta ripoti nene iliyosema mwelekeo wa kimapenzi hauhusiani na kustahili kwa mtu kutumikia. Ndani yake mna tofauti ambayo ningekusihi uiibe kwa heshima: mshikamano wa kupendana na mshikamano wa kazi. Watu wanaweza wasipendane, wasialikane hata chai, na bado wakatekeleza kazi vizuri sana, kwa sababu wote wanaitaka kazi ifanikiwe. Wewe uliyepita JKT unajua. Si kila kuruta wa kombania yako ulimpenda, lakini afande akisema gogo lifike kule, gogo lilifika.

Upande wa pili nao ulikuwa na ushahidi, usiufiche. Mwaka 2010, kuifuta sheria hiyo kulipokuwa kunafikiriwa, Wizara ya Ulinzi iliwatumia dodoso askari 400,000, na zaidi ya 115,000 wakajibu. Katika vikosi vya mapigano vya Marines, yaani askari wa majini wa Marekani wanaopigana hadi nchi kavu, asilimia 58 walisema mabadiliko yangeathiri vibaya uwezo wa kikosi kufanya kazi pamoja. Hiyo si idadi ya kupuuza. Lakini swali jingine la dodoso lilelile liliwauliza waliowahi kutumikia na mtu waliyeamini ni mpenzi wa jinsia moja. Miongoni mwa hao, asilimia 92 walisema kikosi kile kilifanya kazi vizuri, vizuri sana, au wastani tu. Hata katika vikosi vya mapigano vya Marines waliosema hivyo walikuwa asilimia 84. Weka takwimu hizo bega kwa bega katika insha yako. Anayekisia ana hofu, aliyeishi nalo hana. Ripoti inamnukuu askari mmoja wa kikosi maalumu akisema kwao alikuwepo mmoja, mkubwa wa mwili, mkali, anaua maadui wengi, na hakuna aliyejali mambo yake mengine. Sentensi hiyo inamfanyia Goldwater kazi ambayo mzaha wake haukuweza, kwa sababu inazungumza kutoka ndani ya kikosi.

Desemba mwaka huo Jenerali James Amos, mkuu wa Marines, aliwaambia waandishi wa habari kwamba kuvurugwa akili vitani kunagharimu maisha, na kwamba hataki kuwatembelea vijana wake hospitalini wakiwa hawana miguu. Picha hiyo ina nguvu ya kutisha. Hoja ikijibu swali "je, hili litatokea?" kwa picha ya mtu asiye na miguu, wewe mlinganishaji inakubidi uiweke picha pembeni kwa sekunde moja na kuuliza kiungo kiko wapi kati ya jambo hili na mguu ule. Seneti ilipiga kura 65 kwa 31 kuifuta sheria hiyo tarehe 18 Desemba, Obama akatia saini siku nne baadaye, na mabadiliko yakaanza kutumika tarehe 20 Septemba 2011. Novemba mwaka huo Amos, aliyesimamia utekelezaji bila kutegea, alisema ameridhika sana na jinsi mambo yalivyokwenda. Upo pia utafiti wa 2012 wa kituo cha utafiti cha Palm Center uliosema haukuona madhara ya jumla kwa utayari wa jeshi, ila ukiutumia taja kwamba kituo hicho kilikuwa kimepinga marufuku kwa miaka mingi. Msomaji wako ana haki ya kujua nani ameshika mizani.

Kuna ushahidi mmoja wa 1993 ambao siku zote nawasomesha wanafunzi wangu, nao unatuhusu kidogo sisi wa ukanda huu. Kanali Fred Peck wa Marines alikuwa ametoka Somalia, ambako alikuwa msemaji wa majeshi ya Marekani. Mwezi Mei aliitwa mbele ya kamati ya Seneta Sam Nunn kutetea marufuku. Akasema mwanawe ni mpenzi wa jinsia moja. Akasema anampenda na anajivunia. Halafu akasema angempinga kuingia jeshini, kwa sababu angehofia maisha yake, na hofu yenyewe haitokani na adui bali na askari wenzake.

Baba anasema hivyo mbele ya taifa. Hata ukisoma leo unahisi kitu kifuani. Kama ushawishi, pengine hakuna ushahidi wa upande wake uliouzidi. Lakini uchambue. Miezi saba kabla, Oktoba 1992, baharia Allen Schindler alikuwa ameuawa kwa kipigo na baharia mwenzake huko Sasebo, Japani. Hofu ya Peck haikuwa ya kubuni. Sasa tukio hilohilo mmoja anatoa jibu "basi wasiingie," mwingine anatoa jibu "basi aliyepiga ashughulikiwe." Ushahidi ni mmoja. Kinachotofautiana ni dhana iliyojificha chini yake: amri ya jeshi imuelekee nani, anayechukiwa au anayechukia? Jeshi ambalo linasema haliwezi kuwazuia askari wake wasimuue mwenzao limekiri upungufu wa nidhamu, na nidhamu ndiyo iliyokuwa hoja ya kuwakataa. Kanali hakuliona hilo, au aliliona na baba ndani yake akaongea kwanza. Mimi simlaumu.

Na mzigo wa kuthibitisha unabebwa na nani? Hapa Washington na Strasbourg, yaliko makao ya Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, waligawanyika. Sheria ya Marekani ya 1993 ilisema wazi kwamba hakuna haki ya kikatiba ya kutumikia jeshini, hivyo anayetaka kuingia ndiye mwenye kazi ya kueleza. Uingereza nayo ilikuwa na marufuku, na serikali yake ilitetea kwa uchunguzi wa mwaka 1996 uliojaa maoni ya askari waliosema hawataki. Tarehe 27 Septemba 1999 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, katika kesi ya Smith na Grady, iliuweka mzigo kwa serikali. Ikasema mitazamo hasi ya walio wengi haitoshi kuwa sababu, kama ambavyo mitazamo ya namna hiyo kuhusu watu wa rangi au asili nyingine isingetosha. Januari 2000 marufuku ikaondolewa. Askari wa nchi zote mbili walisema kitu kilekile: hatutaki. Kwa Bunge la Marekani hilo lilikuwa jibu, kwa majaji wa Strasbourg lilikuwa ndilo swali. (Nyumbani kwetu, kama ujuavyo, Kanuni ya Adhabu inalidaka jambo hili kabla halijafika kwenye geti la kambi, kwa hiyo usizichukue hoja hizi kwenda nazo kwenye mjadala wa kwetu bila kwanza kuangalia ardhi zinapokanyaga.)

Sasa hangani.

Nimefurahi kwamba umelisema, na nimesikitika kwamba hukuliandika. Hoja ya faragha ndiyo nzuri kuliko zote za upande wa marufuku, na mtetezi wake mkubwa alikuwa Charles Moskos, mwanasosholojia wa Chuo Kikuu cha Northwestern, anayehesabiwa kuwa mbunifu wa "Usiulize, Usiseme." Yeye hata hakuegemea sana mambo ya mshikamano. Aliuliza swali jepesi: kwa nini hatuwaogeshi wanawake na wanaume pamoja? Hatusemi kila mwanamume ni mbakaji. Tunasema tu mtu ana haki ya kutotazamwa akiwa uchi na anayeweza kumtamani. Basi haki hiyo ifuate kotekote.

Uzuri wa hoja hii ni kwamba haihitaji chuki. Mtu anaweza kuwa hana neno baya juu ya yeyote na bado akaitoa. Kwetu tunayo hata dhana yake tayari, stara, na ndiyo maana inakugusa: vitanda vya ghorofa, ndoo ya maji alfajiri, vijana kumi mmejipanga nje mnaoga kwa haraka kabla ya filimbi. Hakuna stara pale, na mwili unakumbuka.

Lakini ishike hoja uigeuze. "Usiulize, Usiseme" haikumtoa mtu yeyote bafuni. Sheria yenyewe ilijengwa juu ya kukubali kwamba wamo, na wataendelea kuwemo, mradi wakae kimya. Kwa hiyo anayeweza kukutazama yuko palepale, chini ya bomba lilelile. Kilichoondolewa ni ufahamu wako tu. Moskos angeweza kujibu kwamba kutojua nako ni pazia, na kwa kweli sisi watu wa stara hatuwezi kulicheka jibu hilo moja kwa moja. Mambo mangapi tunaishi nayo vizuri kwa sababu hayasemwi? Nadhani ndipo penye ugumu halisi, na ukipafikia katika insha, baki hapo aya nzima. Swali ni kama pazia hilo lina thamani ya bei iliyolipwa. Na bei ilikuwa ajira za watu zaidi ya 13,000 walioachishwa chini ya sheria hiyo. Ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilihesabu mwaka 2005 kwamba miongoni mwa walioondolewa katika miaka kumi ya kwanza walikuwemo 322 wenye ujuzi fulani wa lugha zilizohitajika, kama Kiarabu, Kifarsi na Kikorea, na wakati huo nchi ilikuwa vitani Iraki.

Tufike kwenye ile hoja niliyokuahidi.

Tarehe 2 Februari 2010, Admirali Mike Mullen, aliyekuwa amekalia kiti kilekile cha Powell, aliketi mbele ya kamati ya Seneti. Alisema hata alitazame vipi jambo hili, hawezi kuepa kusumbuliwa na ukweli kwamba jeshi lina sera inayowalazimisha vijana kudanganya kuhusu wao ni nani ili wawalinde raia wenzao. Kwake, alisema, yote yanarudi kwenye uadilifu: wao kama watu binafsi, na sisi kama taasisi.

Wewe ni mtu wa Kiswahili, nitakueleza kwa Kiswahili kwa nini maneno yale yalikata. Washairi wetu wanapojibizana, anayejibu hufuata bahari na vina vya mwenzake. Ukirushiwa shairi la vina vya -ri na -mo, ukajibu kwa vina vingine, hata kama maneno yako ni mazuri wasikilizaji watasema hukujibu, umetunga lako. Wanaharakati walikuwa wamejibu miaka 17 kwa vina vya haki na usawa. Ni vina vizuri, lakini jeshi halikuwa limeimba kwa vina hivyo. Jeshi liliimba heshima, uaminifu, nidhamu. Kanuni ya heshima ya West Point, chuo cha maafisa wa jeshi la Marekani, inasema kadeti hatadanganya, hataiba, hataghushi, wala hatamvumilia afanyaye hivyo. Mullen akaokota vina hivyohivyo na kuuliza: sasa mbona sera yetu inadai uongo? Upande wa pili haukuweza kusema uadilifu hauna maana, kwa sababu ndio uliokuwa umeuimba.

Seneta John McCain alikasirika. Mwaka 2006 alikuwa amesema siku wakuu wa jeshi wakitaka sera ibadilike, basi lifikiriwe kwa uzito. Siku ikafika, naye akapinga. Hiyo nayo itaje, ila usiitumie kama nyundo.

Lakini usiniandikie tena kwamba Mullen "anamaliza ubishi." Hoja yake ina tundu. Kama tatizo ni uongo, linatibika kwa njia mbili: ruhusu watu waseme, au rudi kwenye marufuku kamili, uliza kila mtu mlangoni na umwondoe. Uadilifu peke yake hauchagui kati ya njia hizo. Unahitaji kuazima kitu kutoka kwa Goldwater, kwamba wamo na wanaweza, na kitu kutoka kwenye dodoso, kwamba kikosi hakivunjiki. Hapo ndipo mstari wa Goldwater unapata kazi yake halali: ni tofali moja ukutani. Wewe uliugeuza kuwa nyumba.

Neno dogo kuhusu maneno. Februari 2010 shirika la habari la CBS na New York Times waliwauliza Wamarekani kama wanaunga mkono "homosexuals" watumikie jeshini, asilimia 59 wakasema ndiyo. Walipouliza swali lilelile kwa maneno "gay men and lesbians," wakawa asilimia 70. Watu walewale wanaozungumziwa, lebo nyingine. Katika rasimu yako umebadilisha majina mara nne kutegemea unamzungumzia nani, la ukali ukimfasiri Powell na la upole ukimfasiri Goldwater. Huko ndiko kuegemea kulikokuponyoka. Chagua neno moja, litumie kwa wote, na pale ambapo msemaji ametumia lake, mnukuu.

Ukiandika upya, muweke Powell na Schroeder katikati, kwa sababu wale ndio waliosimama uso kwa uso. Goldwater mpe aya moja na nusu. Na pale unapofika kwenye faragha, andika habari za hanga kwa nafsi ya kwanza, ndoo na filimbi na yote, kisha mwambie msomaji kwamba unaandika ukiwa na kumbukumbu hiyo mwilini. Huku Marekani walimu wa uandishi hawaogopi "mimi" kama wale wa kwetu. Aya hiyo inaweza kuishia popote, hata upande usiokubaliana na mimi. Nitumie kabla hujaiwasilisha, nataka kuona kama umemjibu Moskos au umepita pembeni yake.